Mhariri, wazee wetu tunawamaliza kwa kuwapumzisha

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na wenzako wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa miaka mingi, gazeti likifika naanzaga na ukurasa wa afya kabla hata ya siasa, na ndo maana leo nimeshika simu naandika hii barua, ni ndefu mnisamehe. Nimesoma kwenu mengi kuhusu dawa za presha, vidonge vya sukari, vipimo vya moyo, macho, figo, na nashukuru kwa yote, ila kuna kitu sijakiona hata siku moja nacho ni nguvu za mwili wa mzee. Mapaja. Nyayo. Namna ya kuinuka kwenye kiti bila kushikwa. Naomba nafasi niseme kwa nini hili jambo limenikaa rohoni.

Mama yangu ana miaka 82. Mwaka jana alianguka usiku akielekea chooni. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, ila kiwiko kilichubuka na nyonga ikavilia damu, akalazwa siku tisa. Siku ya kuruhusiwa tulipewa dawa za maumivu na tukaambiwa mama apumzike, asijichoshe, basi, hakuna aliyesema apumzike mpaka lini wala akishapumzika afanye nini. Sisi watoto tukalibeba hilo neno kama amri. Tulipanga zamu kabisa, huyu analeta maji, huyu anamvalisha viatu, yule anamshika kwapani akitaka kusimama, mpaka rimoti ya tivii tulikuwa tunamwekea mkononi. Akisema niacheni nifagie hapo mlangoni tunamjibu mama umeshafanya kazi za kutosha duniani, we kaa tu. Akakaa. Miezi mitatu.

Mi ndo niliyekuwa namuogesha. Siku moja namfuta maji naona paja limebaki jembamba karibu sawa na mkono wangu, ngozi imelegea, na ukibonyeza kidogo tu unafika kwenye mfupa. Nikamuuliza mama unaumwa wapi, akasema siumwi mwanangu, ni miguu tu imenisahau.

Hilo neno lilinichoma Mhariri. Miguu haikumsahau, sisi ndo tulimkataza asiitumie, na tulifanya hivo kwa upendo, kila mmoja wetu alikuwa anajiona anamheshimu mama.

Nikaanza kuuliza watu na kusoma. Kumbe misuli inaanza kupungua tangu mtu ana miaka 30 hivi, kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na ukishavuka 60 inaenda kwa kasi zaidi. Ina jina kabisa hiyo hali, sakopenia, jina lililopendekezwa mwaka 1989 na mtafiti wa Marekani Irwin Rosenberg, kalitoa kwenye Kigiriki, ni kama kusema umaskini wa nyama ya mwili. Lakini kule kupungua kwa umri ni kwa polepole, kinachommaliza mtu haraka ni kitanda. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza vijana watano wa miaka 20, wazima kabisa, wiki 3 bila kusimama, wakapima uwezo wa moyo na mwili kabla na baada. Miaka 30 baadaye wakawaita wale wale watano, sasa ni watu wa miaka 50, wakawapima tena, na ikaonekana zile wiki 3 za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 yote ya kuzeeka. Na hao walikuwa vijana jamani. Kwenye utafiti mwingine wazee wenye afya njema walilazwa siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Sasa mama yangu alilala siku tisa akiwa na maumivu, alafu tukamwongezea miezi mitatu ya kiti, hesabu inajieleza.

Tukamtafuta mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, aje nyumbani. Alikuja kijana mmoja mpole, nilitegemea atakuja na mashine, kumbe hakuja na kitu. Akaomba kiti cha mbao kisicho na matairi, akakisukuma kikagusa ukuta kisirudi nyuma, akamwambia bibi kaa, sasa sogea mbele mpaka ukingoni, nyayo zirudishe nyuma kidogo ya magoti, mikono ikunje kifuani. Alafu akasema inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu ndo uisukume sakafu. Mama akajaribu. Akainuka kama upana wa vidole viwili hivi, akarudi chini puu. Nikakimbilia kumshika, yule kijana akaninyooshea kiganja, yaani subiri. Akaomba mito miwili akaiweka kwenye kiti ili mama akae juu zaidi, akamwambia bibi rudia, pua mbele, usiivute juu. Mama akainama, mapaja yakaanza kutetemeka namuona kabisa kwenye kitambaa cha gauni, meno ameyauma, alafu akasimama. Amesimama mwenyewe, mikono bado iko kifuani. Akatuangalia akauliza, nimesimama? Mi machozi yalinitoka pale pale.

Nikajifunza kitu hapo. Wazee wengi wanaposhindwa kuinuka si misuli peke yake, wamesahau pia njia, wanajivuta kwenda juu moja kwa moja wakati uzito wote bado uko nyuma kwenye makalio, kwa hiyo hata mwenye nguvu angeshindwa. Ukipeleka kifua mbele uzito unahamia kwenye nyayo na kazi inakuwa nusu. Kitu kidogo hivi, na hakuna aliyetuambia siku zote zile.

Huko kuinuka kwenye kiti ndo kipimo chenyewe pia. Unahesabu mtu anainuka na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30 bila kutumia mikono, akitumia mikono inahesabiwa sifuri. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akiwa chini ya 12, mwanaume wa umri huo chini ya 14, huyo yuko chini ya wastani na yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kwa umri wa mama ni 9. Sisi tulianza na sifuri.

Kuna watu wataniambia mzee wa miaka 80 misuli haijengeki tena imeshatoka. Nilikuwa naamini hivo hivo. Lakini mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichukua wazee wanaoishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, umri wastani miaka 90, narudia 90, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, uzito wa kweli wa kutoa jasho, wiki 8. Nguvu za miguu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 wakarudia na watu 100 ikawa vile vile, nguvu ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Na mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani wa wazee 1,635 wa miaka 70 mpaka 89, waliofanya programu ya kutembea pamoja na mazoezi ya nguvu na balansi walipungukiwa hatari ya kushindwa kutembea kwa asilimia 18 kulinganisha na wale waliopewa elimu ya afya tu ya kusikiliza. Asilimia 18 inaweza kuonekana ndogo ila kama ni mama yako anatembea mwenyewe kwenda chooni huioni ndogo.

Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima atembee au afanye shughuli ya kumtoa pumzi kidogo dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi, na aliyevuka miaka 65 aongeze ya balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Hakuna mahali wamesema mzee akalie kiti. Sasa mbona ujumbe unaofika nyumbani kwetu ni apumzike?

Nije kwenye balansi maana hapo ndo mama alipoangukia. Yule kijana alitueleza kwamba mwili unajua umesimamaje kwa njia tatu, macho, mtambo mdogo ulio ndani ya sikio, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo, vifundo na misuli. Mchana mama alikuwa anaishi kwa macho, anaangalia ukuta anaangalia sakafu anaenda. Usiku taa imezimwa macho hayapo, nyayo zimeshazoea ndala nene na kukaa, hazitumi habari yoyote, ndo akaenda chini. Kwa hiyo zoezi lake la pili likawa kusimama peku, kashika ukingo wa sinki kwa vidole tu, anaunyanyua mguu mmoja kidogo, anahesabu. Wiki ya kwanza alifika sekunde mbili. Kuna utafiti wa Brazili uliotoka 2022, watu 1,702 wa miaka 51 mpaka 75, waliambiwa wasimame kwa mguu mmoja sekunde 10, mmoja kati ya watano akashindwa, na walioshindwa hatari yao ya kufa ndani ya miaka kama 7 iliyofuata ilikuwa juu kwa asilimia 84. Haina maana kwamba kusimama kwa mguu mmoja kunaongeza maisha kama dawa, ila inaonyesha mwili uko hali gani ndani. Na kuanguka si jambo dogo, dunia nzima watu 684,000 hivi wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi ni wa zaidi ya miaka 60.

Kuna dada mmoja jirani aliniambia mpelekeni mama kwenye taichi, nikadhani ni mambo ya kurushiana mateke. Kumbe ni mwendo wa taratibu sana, asili yake China, unahamisha uzito mguu huu kwenda ule, magoti yamelegezwa, macho yanafuata mkono, na tafiti nyingi zimeonyesha inapunguza kuanguka kwa wazee. Mama anafuata kwenye video za simu, anafanya robo saa. Yoga pia kuna ya kwenye kiti. Mi sina ugomvi na njia yoyote kati ya hizi mradi mtu anautumia mwili wake mwenyewe.

Ila kwenye masaji nataka niseme kwa uwazi maana huko ndo hela nyingi za wazee zinaishia. Kukandwa ni kuzuri, sikatai, mama akikandwa mabega analala vizuri na maumivu yanapoa siku hiyo, alafu kuna jambo watu hawalisemi, wazee hawaguswi. Mwenza kashafariki, watoto wakubwa, wajukuu wanasalimia kwa mbali, mtu anaweza kumaliza mwezi hakuna mkono uliomgusa kwa upendo. Kuguswa peke yake ni tiba. Lakini kukandwa hakujengi misuli hata kidogo, anayefanya kazi pale ni mkandaji, na ukimkanda mzee mwaka mzima bila kumsimamisha utakuwa na mzee laini asiyeweza kuinuka. Na kama kigimbi cha mguu mmoja, ile nyama ya nyuma chini ya goti, kimevimba, kina joto, kinauma, msikikande kabisa, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa na ukikanda unaweza kulisukuma bonge mpaka kwenye mapafu. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Sasa Mhariri kuna sehemu ya hii habari ni ngumu kwangu kuiandika. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Tangu siku ile mama mabega yalipanda yakakaa karibu na masikio, pumzi anavutia juu kifuani, fupi fupi, na tulidhani ni uzee. Alipoanguka hofu ikaongezeka juu ya msiba. Akawa anatembea hatua ndogo ndogo, mwili kaukaza wote, macho chini kwenye vidole, na mtu anayetembea hivo ndo anaanguka upesi zaidi, hawezi kujirudisha akiteleza maana kashakakamaa. Tulimwambia mara ngapi mama usiogope, haisaidii, hofu haikuwa kwenye maneno ilikuwa kwenye magoti.

Kilichosaidia ni viwili. Kwanza pumzi. Alilazwa chali, mkono mmoja juu ya tumbo, anavuta hewa kwa pua mpaka mkono unyanyuke, alafu anaitoa polepole kwa mdomo kama anapuliza kitu cha moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Pumzi kama sita kwa dakika. Sababu ni ya kimwili kabisa, moyo hupunguza mapigo kila unapotoa pumzi, kwa hiyo ukiirefusha unaupa mwili habari kwamba hakuna hatari sasa hivi. Siku ya nne ya kufanya hivyo mama alilia. Alilia sana, akamtaja baba, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Nilitaka kumnyamazisha, nikakumbuka jinsi tulivyomkalisha kwenye kiti, nikamwacha alie, nikamshika tu mguu. Mabega yake yako chini sasa. Sijui kueleza zaidi ya hapo.

Cha pili ni sakafu. Yule kijana alimfundisha kushuka chini kwa hiari yake na kupanda tena, hatua kwa hatua, anageuka ubavu, anakaa kwa mkono, anapiga magoti na mikono, anatambaa mpaka kwenye kiti, anaweka mguu wenye nguvu mbele, anasukuma. Mara ya kwanza ilichukua karibu dakika kumi na sote tulikuwa tunatoka jasho. Lakini ukweli ni kwamba wazee wengi hawaumizwi na kuanguka tu, wanaumizwa na kubaki sakafuni masaa bila uwezo wa kuinuka. Alipojua kwamba hata akianguka ana njia ya kurudi juu, zile hatua ndogo ndogo zikaanza kurefuka zenyewe, hakuna aliyemwambia arefushe.

Najua kuna watakaosema magoti yanauma. Mama ana magoti mabovu ya miaka mingi na madaktari wanashauri mazoezi kwa magoti ya aina hiyo, ni kuanza na kiti cha juu na kupunguza mto kadiri unavyozoea, maumivu kidogo yanayoisha kesho yake ni ya kawaida, yanayozidi siku hadi siku punguza. Wenye presha wasibane pumzi wakati wa kuinuka maana inapandisha presha ghafla, waitoe wakati wanasukuma, ni vizuri kuhesabu kwa sauti, anayehesabu kwa sauti hawezi kubana. Kifua kikiuma, kizunguzungu, au kuhema kusiko kwa kawaida, simama hapo hapo umuone daktari. Na aliyetoka kwenye opareshini au kiharusi aanze na mtaalamu, asijifunze kwenye video.

Na sisi tulio kwenye hamsini na kitu, mi nina 57, tusisome haya kama ya mama zetu. Nimejipima, kwenye kiti nilipata 11. Nimeshtuka kwa kweli. Kuna mama mmoja Marekani, Ernestine Shepherd, alianza mazoezi akiwa na miaka 56 hajawahi kufanya kabla, na kwenye miaka ya themanini alikuwa bado ananyanyua vyuma na kufundisha wengine. Simtaji ili wote tuwe kama yeye, namtaja kwa sababu ya hiyo 56.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Tupe pembe moja tu kwenye ukurasa wa afya kila wiki, zoezi moja, picha moja ya mtu mzee kweli anayelifanya, si kijana wa jimu, na maandishi makubwa maana wanaosoma gazeti la karatasi siku hizi ni haohao wazee. Anzeni na kiti. Tafuteni mtaalamu wa fiziotherapia awe anaandika, na mwambieni aandike pia kwa watoto na wajukuu, awaambie akiomba ufagio mpeni, akitaka kufuata maji yake mwenyewe mwacheni, kaeni karibu tu. Na hospitali nazo mziulize kwenye kurasa zenu kwa nini mzee anaruhusiwa na mfuko wa dawa bila hata karatasi moja ya kuonyesha atarudishaje miguu yake.

Mama anajua naandika barua hii, kanituma niseme kwamba mto wa pili ulishatolewa mwezi uliopita na wa kwanza wiki hii. Jana asubuhi tumempima kwenye kiti kitupu, mikono kifuani, mi nashika saa na yeye anahesabu kwa sauti. Kafika nane. Ya tisa alikuwa ameshainama mbele, pua imepita vidole, muda ukaisha.

Msomaji wenu wa siku zote